Goti linauma, picha inasema nyonga imeisha. Nina miaka 52. Imeishaje?

#1 KisikiMbichi
Wakuu, habari za muda huu.

Mwaka mzima nimehangaika na goti la kulia. Nimepaka, nimefunga bendeji, nimemeza vidonge vya kila rangi. Picha ya goti ikatoka safi kabisa, hadi kazini wakaanza kuniona mzushi. Juzi daktari mwingine hata goti hakuligusa. Kanilaza chali, kaukunja mguu, kausukuma unyayo kwenda nje, nikapiga ukelele. Akaagiza picha ya nyonga. Majibu: gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, limekwisha, mfupa unakutana na mfupa, nijiandae kubadilishiwa kiungo.

Nina miaka 52. Sijawahi kucheza mpira wa ushindani, sina kitambi, sinywi. Maswali yangu mawili. Nyonga ya mtu kama mimi imeishaje? Na je, nifanyiwe sasa au nisubiri mpaka 65, kama anavyonishauri shemeji kwa hoja kwamba "hivyo vyuma vyenyewe vinadumu miaka kumi tu"?

#2 jongoo_wa_mvua
Nipo siti ya mbele. Ngoja waje wenye nyonga zao.

#3 MamaMapacha
Pole sana kaka. Hiyo ni baridi yabisi. Bibi yetu alikuwa nayo, ilimwingia kwa kuoga maji ya baridi alfajiri miaka yote. Jifunike, epuka unyevu, itatulia. Usikimbilie visu.

#4 ZamuYaUsiku
MamaMapacha, jina la baridi yabisi linadanganya wengi. Ule ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe. Mara nyingi huanzia viungo vidogo vya mikono, pande zote mbili, na asubuhi mtu hukakamaa saa nzima au zaidi. Maji ya baridi hayana kesi hapo. Anachoeleza mleta uzi ni kulika kwa gegedu: ukikaa unakakamaa kidogo, ukiamka unachukua dakika chache kunyooka, ukitembea sana unaumia.

Kuhusu goti: mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga ndiyo hiyo hiyo inayoshuka kuhudumia goti, kwa hiyo ubongo unakosea anwani. Wapo wanaopasuliwa goti bure kwa sababu hii. Maumivu yenyewe ya nyonga hukaa kwenye kinena. Wanaoshika pembeni, pale unapolalia ubavu, mara nyingi wana tatizo la kano na misuli ya nje, kiungo kikiwa salama.

Kisiki, soksi unavaa mwenyewe? Kucha za mguu wa kulia nani anakata?

#5 KisikiMbichi
Dah! Mke wangu ananivisha soksi mwezi wa nne huu. Nilijua ni mgongo.

#6 jongoo_wa_mvua
Unavishwa soksi na bado umekuja kulalamika. Kuna watu hawajui neema zao.

#7 FundiMitambo
Nitaeleza kifundi. Nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Ukisimama kwa mguu mmoja, uzito wa mwili unavuta ukiwa mbali na kile kikombe, wakati misuli ya pembeni inayokuzuia usipinduke imeshikilia karibu sana. Ni kama mizani yenye mkono mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili. Msuli lazima uvute kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe, na vyote viwili vinaishia kwenye tufe. Katika kutembea kwa kawaida kiungo hubeba karibu mara tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 80 anaweka 240 pale kila hatua. Zidisha kwa hatua za miaka 50.

Fani (beringi) yoyote ikizunguka hivyo bila kubadilishwa inalika. Sioni muujiza.

#8 Shaka_Zaidi
Fundi, ingekuwa hivyo wakimbiaji wote wangekuwa kwenye viti vya magurudumu. Tafiti za wanaokimbia kwa kujifurahisha hazionyeshi nyonga zao kuisha kuliko za wanaokaa tu, na nyingi zinaonyesha kinyume. Gegedu halina mishipa ya damu. Linakula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, kwa hiyo kutembea ndiko kulilisha. Fani yako haili.

Na huu ugonjwa si kusuguliwa peke yake. Mfupa chini ya gegedu unakuwa mgumu, pembeni vinaota vijino, utando wa ndani unavimba. Kiungo kizima kinafanya kazi ya kujirekebisha na kinashindwa. Hata uzito, ambao kila mtu anaukimbilia, unaumiza goti zaidi kuliko nyonga.

#9 FundiMitambo
Wakimbiaji wa kujifurahisha sawa. Wakulima na wabeba mizigo mizito je? Hao wanajulikana kuwa na nyonga mbovu kuliko wengine. Mzigo ni mzigo.

#10 Nyota_Njema
Nimesoma nikatabasamu, maana hakuna aliyetaja umbo. Mimi nilibadilishiwa nyonga ya kushoto nikiwa na miaka 38. Nilizaliwa na kikombe kifupi, tufe likawa linafunikwa nusu tu. Utotoni hakuna aliyeona, nilikuwa "yule anayetembea kwa madaha". Eneo dogo likabeba mzigo wa eneo kubwa, likaisha mapema. Mzigo wangu ulikuwa wa kawaida kabisa, kilo 58.

Kuna na kinyume chake, tufe lisilo duara vizuri: ukikunja paja linagonga ukingo wa kikombe, kila siku linamenya gegedu kidogo. Muulize mama yako kama uliwahi kuchechemea utotoni. Kuna ugonjwa wa watoto wa miaka minne hadi minane ambapo kichwa cha fupa la paja kinakosa damu na kubonyea. Kuna mwingine wa umri wa kubalehe, ile kofia ya mfupa inateleza kwenye shingo yake. Na huyo mtoto unajua atalalamika wapi? Gotini!

#11 KisikiMbichi
Nyota, umenitisha dada. Nilianguka mtini nikiwa na miaka 12 au 13. Nilichechemea muhula mzima, picha haikupigwa, nikakandwa maji ya moto yakaisha. Mguu wa kulia tangu hapo unaangalia nje kidogo. Fundi cherehani ndiye aliyewahi kuniambia.

#12 Nyota_Njema
Sisemi zaidi. Mguu kuangalia nje baada ya kuchechemea umri huo, mwambie daktari neno kwa neno.

#13 Shaka_Zaidi
Nani hapa hakuanguka mtini? Binadamu akiwa na tatizo leo hutafuta ajali ya zamani ya kulifungia. Sikatai, ila tusiandike hukumu kabla ya picha.

#14 Mkanda_wa_Kijani
Hamjambo humu. Kazi yangu ni mazoezi tiba. Wakati mnagombana juu ya chanzo, Kisiki anatembeaje? Fimbo unashika mkono gani?

#15 KisikiMbichi
Kulia, upande unaouma. Si ndiko kwa kuegemea?

#16 Mkanda_wa_Kijani
Nilijua. Hamisha kushoto leo hii, fimbo iende mbele pamoja na mguu mbovu. Post ya Fundi namba 7 inaeleza sababu bila yeye kujua: fimbo ikiwa mkono wa upande mzima ina mkono mrefu wa mizani, kwa hiyo kuegemea kidogo tu kunaupunguzia ule msuli wa pembeni kazi kubwa, na tufe linapumua. Ukiishika upande mbovu unajiinamisha na kuharibu kiuno. Urefu wake: mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono ukisimama wima na mikono imening'inia. Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mbovu unatangulia na fimbo.

Na anza kuimarisha matako na paja sasa, si baada ya operesheni.

#17 FundiMitambo
"Bila yeye kujua." Asante kwa heshima 😂

#18 Damu_Mundu
Wote mnazungumzia kulika. Mimi yangu haikulika, ilikufa. Nina selimundu. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba vijishipa vinavyokilisha kichwa cha fupa la paja, na kile kichwa hakina njia nyingi za akiba. Nikiwa na miaka 26 mfupa ukafa, ukabonyea kama yai lililogongwa, gegedu juu yake likiwa bado zuri tu. Nyonga ya kwanza 29, ya pili 31.

Kisiki, si lazima uwe na selimundu. Pombe nyingi inafanya hivyo. Dawa za steroidi kwa wingi zinafanya hivyo. Umewahi kutumia prednisoloni kwa muda?

#19 KisikiMbichi
Pumu. Kati ya miaka 30 na 40 nilikuwa namezeshwa kila ikinibana. Sikuhesabu vidonge.

#20 jongoo_wa_mvua
Mti, pumu, fani, kikombe. Bado mke kumfukiza.

#21 KobeMzee
Nimepitia kimya kimya tangu asubuhi. Kwetu baba, baba mdogo na sisi ndugu watatu wote nyonga. Hatukuanguka mtini, hatuna pumu, kazi zetu tofauti kabisa: mwalimu, dereva, na mimi wa ofisini. Dada zetu wazima. Utafiti wa mapacha unaonyesha urithi una sehemu kubwa katika ugonjwa huu. Nyie endeleeni na fizikia.

#22 Nyota_Njema
Mzee Kobe, shikamoo. Umbo nalo linarithiwa. Huenda mmerithi tufe baya.

#23 KobeMzee
Marahaba. Huenda. Au gegedu jepesi. Hakuna aliyenifungua kuangalia kabla halijaisha.

#24 Shaka_Zaidi
Swali la pili limesahaulika. Shemeji anasema miaka kumi. Hiyo ni habari ya zamani. Uchambuzi uliotoka 2019 katika jarida la Lancet, uliokusanya kumbukumbu za wagonjwa waliofuatiliwa muda mrefu, ulikadiria nyonga bandia kama 58 kati ya 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa miaka 15 ni karibu 89. Na hizo ni za teknolojia ya miaka 25 iliyopita. Kikombe cha plastiki cha siku hizi, kilichopigwa mionzi kikakazwa, kinalika kidogo sana kuliko kile cha zamani.

#25 ZamuYaUsiku
Shaka, ongeza na upande wa pili usije ukamdanganya mtu. Wengi katika hizo hesabu walikuwa wazee kuliko Kisiki, na mzee hatembei kama mtu wa 52, wala hana miaka mingi mbele ya kukichosha kiungo. Kuna utafiti wa 2017, jarida hilo hilo: mwanamume anayebadilishiwa mwanzoni mwa miaka ya 50 ana uwezekano wa kama asilimia 35 kurudiwa operesheni kabla ya kufa. Aliyevuka 70, kama asilimia 5. Kwa hiyo shemeji namba kakosea, lakini wasiwasi wake si wa kijinga.

Operesheni ya kurudia si kama ya kwanza. Ni ndefu, damu nyingi, mfupa umepungua. Nimezisimamia.

#26 Damu_Mundu
Kweli, ila nikisubiri mpaka 70 nilikuwa niishi miaka 41 kitandani? Hesabu ya kurudiwa ifanywe pamoja na hesabu ya miaka inayopotea. Mimi nimelea mtoto kwa hizi nyonga.

#27 Bint_Ukimya
Nachangia kwa uchungu kidogo. Mama yetu alisubiri. Kila mwaka "nikizidiwa ndiyo nitaenda". Mguu ukafupika, misuli ya tako ikaisha, mgongo ukapinda, goti la upande mzima likaharibika kwa kubeba zamu ya mwenzake. Alipofanyiwa, maumivu ya kinena yalikwisha siku ile ile, lakini kuchechemea hakukuisha. Misuli ilikuwa imeshaondoka. Daktari alisema picha haipangi tarehe, inapangwa na maisha: usiku unalala? unafika unakotaka kwenda? Kuna wenye picha mbaya wanaocheza na wajukuu, na wenye picha nafuu wanaolia.

#28 Mzee_wa_Rula
Kabla ya kisu kuna sindano. Mimi nilichomwa steroidi ndani ya kiungo, nikapata miezi mitatu mizuri sana.

#29 ZamuYaUsiku
Sawa, lakini waambie na hili: ukichomwa ile sindano, operesheni isogezwe angalau miezi mitatu, maana hatari ya maambukizi inapanda. Wengine wanachoma leo wakiwa na tarehe ya wiki ijayo bila kumwambia mpasuaji. Maambukizi hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya mia, lakini ukiwa wewe ndiye huyo mmoja, ni miezi ya dawa na pengine kiungo kutolewa. Meno mabovu yatibiwe kabla, sukari ishushwe, sigara iachwe.

#30 MamaMapacha
Jamani mimi nauliza tu, wanakutoa mguu mzima halafu wanaurudisha? Jirani yangu aliambiwa hivyo, akatoroka wodini.

#31 ZamuYaUsiku
Hapana mama 😀 Mguu hautoki. Wanakichomoa kichwa cha fupa la paja kutoka kwenye kikombe chake, wanakikata pale shingoni, hicho tu. Kikombe cha zamani kinachongwa kidogo na kuvishwa kipya. Ndani ya uwazi wa fupa la paja inazamishwa nguzo ya chuma, juu yake tufe jipya. Nguzo inashikwa kwa saruji ya mifupa, au inagandamizwa kavu na mfupa wenyewe unaota kuishika. Saa moja na nusu hivi. Wengi hatuwapi nusu kaputi siku hizi, ni sindano ya mgongoni na dawa ya usingizi mwepesi. Siku hiyo hiyo au kesho yake tunakusimamisha, ukitaka usitake.

Baadaye sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa wiki tano hivi. Hiyo msiichezee. Damu iliyoganda mguuni ikipanda mapafuni inaua mtu aliyekuwa anacheka asubuhi.

#32 FundiMitambo
Hapo kwenye plastiki ngoja nitambe kwa niaba ya mafundi wote.

Aliyeiweka sawa hii operesheni ni John Charnley, Wrightington, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliweka vikombe vya Teflon, ile ya vikaango, kwa sababu inateleza. Wagonjwa wakafurahi. Baada ya miaka michache Teflon ikasagika, vumbi lake likala mfupa, ikabidi awafungue tena mmoja mmoja. Alijidunga vumbi la Teflon pajani mwake mwenyewe aone litafanya nini. Lilivimba.

1962 akaja mchuuzi wa plastiki na kipande cha polithini nzito iliyokuwa ikitumika kwenye magurudumu ya meno ya mashine za kufuma. Charnley akakitazama akakidharau, akasafiri. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, akakifunga kwenye mashine ya kusugua hata hivyo. Ikazunguka siku baada ya siku, plastiki haikuisha. Bosi aliporudi akakuta majibu mezani. Novemba 1962 kikombe cha kwanza kikaingia kwa mgonjwa, na ukoo huo wa plastiki ndio mpaka leo. Charnley akapewa u-Sir. Craven mnamsikia wapi?

#33 Shaka_Zaidi
Hii umeisema vizuri, nakubali. Ila wa kwanza kujaribu si yeye. Gluck, Berlin, 1891, tufe la pembe ya ndovu. Wiles, London, 1938, chuma kisichoshika kutu, tufe na kikombe vyote. Charnley aliifanya idumu.

#34 FundiMitambo
Sikusema wa kwanza. Nimesema aliyeiweka sawa.

#35 jongoo_wa_mvua
Ndovu mzima amekufa kwa ajili ya nyonga moja.

#36 Kutu_Haipandi
Mnapotaja vifaa, mimi niko kwenye ile historia mbaya. 2008 niliwekewa chuma kwa chuma, tufe kubwa la kobalti na kromi kwenye kikombe cha kobalti na kromi. Niliambiwa ni ya vijana, haichoki. Miaka minne baadaye uvimbe kinenani, maumivu, damu ikapimwa, kobalti ikakutwa juu ya mikrogramu 7 kwa lita, ambayo ndiyo mstari wanaoutumia kuanza kukufuatilia kwa karibu. Nilipofunguliwa misuli ilikuwa ya kijivu. Wakati huo kifaa cha aina hiyo kilishaanza kurudishwa na watengenezaji duniani kote, tangu 2010.

Sasa nina kauri juu ya plastiki, mwaka wa 13, sina neno. Ushauri wangu: usiwe wa kwanza kuvalishwa mtindo mpya. Uliza jina la kifaa, uliza kina miaka mingapi kwenye kumbukumbu za wagonjwa waliowekewa, na ile stika yenye namba uitunze.

#37 Nyota_Njema
Pole sana. Mimi kauri kwa kauri. Haina shida ila nikichuchumaa kuna siku inalia kwii.

#38 jongoo_wa_mvua
Kama mlango?

#39 Nyota_Njema
Kama kiatu kipya. Mume wangu anajua nimefika kabla sijabisha.

#40 Shaka_Zaidi
Hilo si jipya. Akina Judet wa Paris walikuwa wakiweka vichwa vya akriliki kuanzia 1946, na baadhi vilikuwa vinalia mpaka mgonjwa anasikika chumba cha pili.

#41 Mpira_Damu
Kuhusu umri: Andy Murray, mcheza tenisi, alibadilishiwa nyonga nzima Januari 2019, Oktoba mwaka huo huo akachukua kombe Antwerp. Bo Jackson, mwanamichezo wa Marekani, naye. Kwa hiyo 52 bado mbichi, fanya tu, urudi uwanjani.

#42 Kutu_Haipandi
Rekebisha hapo. Murray hakubadilishiwa nzima. Alivalishwa kofia: kichwa cha mfupa kinachongwa na kufunikwa chuma badala ya kukatwa, na kikombe nacho cha chuma. Ni chuma kwa chuma, familia ile ile iliyoniumiza mimi, japo kwa wanaume wenye mifupa mikubwa na kifaa kizuri inafanya vizuri. Bo Jackson ndiye aliwekewa nzima, 1992, mfupa ulikuwa umekufa kama wa Damu_Mundu baada ya kuumia uwanjani. 1993 akarudi kwenye besiboli, na mara ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira hadi nje ya uwanja. Lakini miaka miwili tu akastaafu.

#43 Mpira_Damu
Sawa mkuu, nimepokea.

#44 KobeMzee
Mama yake Malkia Elizabeth alifanyiwa 1995 akiwa na miaka 95. Na bado akaja kuvunja ile nyingine 1998, wakambadilishia nayo. Kwa hiyo hata 65 ya shemeji si mwisho wa reli.

#45 Mzee_wa_Rula
Hakuna anayetaja tufe kung'ooka kwenye kikombe. Wiki ya tano nilikaa kwenye kochi fupi, nikainama kuokota rimoti, nikasikia *tup*. Mguu ukageukia ndani, siwezi kuusogeza, nikabebwa. Wakaurudisha bila kupasua, lakini niliogopa kukaa mwaka mzima.

#46 Mkanda_wa_Kijani
Ulipasuliwa kupitia nyuma?

#47 Mzee_wa_Rula
Nyuma, ndiyo.

#48 Mkanda_wa_Kijani
Basi masharti yake ndiyo hayo: goti lisipande juu ya nyonga, usikunje nne, usigeuze mguu ndani, mto katikati ya mapaja ukilala. Wanaopita mbele wana masharti tofauti, na kuna wapasuaji siku hizi hawatoi masharti kabisa, wanasema tufe kubwa la milimita 36 haling'ooki kirahisi kama lile la 22 la Charnley. Mimi bado nawaambia wagonjwa wangu wangoje wiki sita. Uoga wangu, labda.

#49 ZamuYaUsiku
Si uoga. Nami nasema hivyo hivyo.

#50 Mpira_Damu
Uwanja wa ndege mashine inalia?

#51 Damu_Mundu
Zangu mbili zinalia kila mara. Nainua mikono kabla hawajauliza. Barua ya daktari haiwasaidii, wanakupapasa tu.

#52 KisikiMbichi
Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita. Nilibeba uzi huu mzima kwa daktari, nikamsomea: mti, prednisoloni, fani, ukoo wa Mzee Kobe. Alisikiliza yote. Akarudi kwenye picha, akasema kichwa cha fupa la paja kimekaa chini na nyuma ya shingo yake, kama kofia iliyovaliwa upande, na hilo linaweza kuwa la utotoni. Nyota nikakukumbuka. Halafu akaonyesha sehemu iliyobonyea juu, akasema na hii inaweza kuwa damu kukosekana. Nikamuuliza ni ipi sasa? Akajibu kimeharibika kiasi kwamba hawezi tena kusoma kilianzaje, na kifaa atakachoweka ni kile kile.

Kaagiza picha ya MRI ya nyonga ya kushoto, maana kama ni steroidi, hiyo nyingine nayo inaweza kuwa njiani. Majibu bado.

Operesheni nimekubali. Kauri kwa plastiki, atapita nyuma. Jino moja nimeng'oa jana. Shemeji hajaambiwa.

#53 Shaka_Zaidi
Sehemu mbili kwenye picha moja! Basi Nyota na Damu_Mundu wagawane.

#54 FundiMitambo
Na mzigo ndio uliobonyeza. Msinisahau.

#55 Nyota_Njema
Kila la heri Kisiki. Hiyo ya kushoto tuletee majibu hapa hapa.

#56 mgeni_mpya77
Habari, uzi mzuri sana. Nami nyonga ya kushoto inanisumbua. Naomba kuuliza, fimbo nishike mkono gani?

#57 jongoo_wa_mvua
Post 16 mkuu. Soma kwanza, kaa kwenye kiti kirefu.